Msimu wa 1912: Timu ya Carlisle na Mapato ya Mlangoni

Kati ya tarehe 21 Septemba na 28 Novemba 1912, muda wa siku 69, timu ya futiboli ya shule ya Carlisle, iliyokuwa katika mji mdogo wa jina hilo jimboni Pennsylvania nchini Marekani, ilicheza mechi 14, ikashinda 12, ikatoka sare mara moja na kupoteza mara moja, huku ikifunga pointi 504 na kufungwa 114. Hakuna chuo kingine nchini humo kilichofikisha pointi hizo mwaka huo. Msimu huo umezoeleka kusimuliwa kama habari ya mtu mmoja, Jim Thorpe, aliyekuwa amerudi kutoka Michezo ya Olimpiki ya Stockholm miezi michache tu kabla akiwa na medali mbili za dhahabu. Na ni kweli kwamba bila yeye hesabu hiyo isingefika ilipofika. Hata hivyo, maana ya msimu wenyewe hujitokeza vizuri zaidi mtu akiuliza maswali mawili ambayo kila mpenzi wa mpira huyauliza kuhusu timu yake, yaani timu ilicheza wapi, na mapato ya mlangoni yalikwenda kwa nani.

Mchezo unaozungumzwa hapa si kandanda. Wamarekani huuita futiboli ingawa mpira wake, wenye umbo la yai, hubebwa mikononi zaidi ya kupigwa teke, na lengo la timu ni kuusogeza hatua kwa hatua kwa kukimbia nao au kurushiana hadi uvuke mstari wa mwisho wa upande wa wapinzani, jambo linaloitwa tachidauni. Timu yenye mpira hupewa idadi maalumu ya majaribio ya kusonga mbele yadi 10, yaani mita tisa na ushei, na ikishindwa hunyang'anywa mpira. Mpira unaweza pia kupigwa teke upite kati ya nguzo mbili na juu ya mwamba unaoziunganisha, na teke hilo huzaa pointi chache kuliko tachidauni.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mchezo huu ulikuwa mali ya vyuo vikuu vya matajiri wa mashariki mwa Marekani, na ulikuwa wa hatari kiasi kwamba mwaka 1905, baada ya vijana kadhaa kufa viwanjani katika msimu mmoja, Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton kuzungumzia namna ya kuuponya. Mageuzi yaliyofuata, hasa ruhusa ya mwaka 1906 ya kuurusha mpira mbele kwa mkono, yaliupunguzia uzito wa msongamano na kuufungulia nafasi ya mbio na hila, na ndiyo maana yaliwafaa watu wepesi kuliko majitu. Carlisle ilikuwa na watu wepesi.

Carlisle yenyewe haikuwa chuo kikuu. Ilikuwa shule ya bweni ya serikali, iliyoanzishwa mwaka 1879 katika kambi ya zamani ya jeshi na Kapteni Richard Henry Pratt, kwa ajili ya watoto wa mataifa ya wenyeji wa asili wa Marekani. Jina lake rasmi liliwaita Wahindi, na msomaji wa Kiswahili asije akawadhania watu wa Bara Hindi, kwani ni jina walilobandikwa na mabaharia wa Ulaya waliodhani wamefika Asia, nalo likakwama. Pratt aliamini kwamba mtoto angeweza kuokolewa iwapo tu kila kilichomfanya kuwa wa taifa lake kingefutwa ndani yake, na shule iliendeshwa kwa imani hiyo bila kuficha: watoto walinyolewa nywele walipowasili, wakavishwa sare za kijeshi, wakapewa majina mapya, wakakatazwa lugha za mama zao, na siku yao ikagawanywa nusu darasani na nusu karakanani. Wakati wa likizo wengi hawakurudishwa kwao bali walipelekwa kufanya kazi katika mashamba na nyumba za Wazungu. Wengine hawakurudi kabisa. Makaburi yanayokaribia 200 yamo katika kambi hiyo hadi leo, mengi yakiwa ya watoto walioangamizwa na kifua kikuu na magonjwa mengine ya mabwenini.

Kwamba shule ya namna hiyo ikawa na timu ya kuogopwa ni jambo ambalo mwanzilishi wake hakulipanga. Pratt aliwahi kuupiga marufuku mchezo huo baada ya mwanafunzi mmoja kuvunjika mguu, kisha vijana wakamwendea kumwomba auruhusu tena, naye, kama alivyoeleza katika kumbukumbu zake, akakubali kwa masharti mawili: kwamba hawatapiga ngumi hata wakipigwa, ili watazamaji wasipate cha kusema juu ya ushenzi wao, na kwamba katika muda wa miaka michache watazishinda timu kubwa kabisa za nchi. Sharti la kwanza linaonyesha jinsi vijana hao walivyotazamwa kabla hata ya kugusa mpira. La pili lilichukua muda, na lilianza kuonekana linawezekana baada ya mwaka 1899, alipoajiriwa kocha Glenn Warner, aliyejulikana zaidi kwa jina la utani la Pop.

Warner alikuwa mtu wa hila, na wachezaji wake walizipenda hila hizo. Iliyo maarufu zaidi ni ya mwaka 1903 dhidi ya Harvard, ambapo mpira ulipopigwa kuanzisha kipindi cha pili, wachezaji wa Carlisle walijikusanya duara mbele ya aliyeudaka, Jimmie Johnson, naye akausukumiza ndani ya fulana ya mwenzake Charles Dillon, kwa nyuma, fulana iliyoshonwa mpira wa kuvuta kiunoni ili kilichotiwa ndani kisidondoke. Duara likavunjika, kila mmoja akakimbia amejikunja kama aliyekumbatia kitu kifuani, Harvard wakawa wanawakamata mmoja mmoja, na Dillon, mikono yake ikiwa mitupu na mgongo wake una nundu, akakimbia uwanja mzima hadi mstari wa mwisho. Harvard walishinda mechi hiyo 12 kwa 11, lakini kilichokumbukwa ni nundu. Mwaka 1907 Carlisle walikifunga Chuo Kikuu cha Pennsylvania 26 kwa 6 wakitumia pasi ya mbele wakati vyuo vingi vilikuwa bado vinaiona kama mchezo wa kitoto, na mwaka 1911, kwa mateke manne ya Thorpe yaliyopita kati ya nguzo, wakaifunga Harvard 18 kwa 15. Msimu huo wa 1911 walipoteza mechi moja tu, kwa Syracuse, tena kwa pointi moja.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa ulipoanza msimu wa 1912, na mwaka huo sheria zilibadilishwa tena kwa namna iliyowafaa. Uwanja ulipunguzwa kutoka yadi 110 hadi 100 na kuongezewa eneo la yadi 10 kila mwisho ambamo pasi ingeweza kudakwa. Tachidauni ilipandishwa kutoka pointi tano hadi sita. Majaribio ya kusonga yadi 10 yaliongezwa kutoka matatu hadi manne. Na ukomo wa yadi 20 uliokuwa umewekewa pasi ya mbele ukaondolewa. Warner aliongezea ubunifu wake mwenyewe, yaani mpangilio wa bawa, ambao ndani yake mchezaji wa nyuma alisogezwa nje ya safu ya mbele, pembeni kabisa, ili wapinzani wasijue kama shambulizi litapita katikati, litazunguka pembeni au litageuka kuwa pasi. Mpangilio huo, ulioitwa kwa jina la Carlisle, ulitawala ufundishaji wa mchezo vyuoni kwa miongo kadhaa.

Mechi za mwanzo zilikuwa za mazoezi tu: Albright 50 kwa 7, Lebanon Valley 45 kwa 0, Dickinson, ambao walikuwa majirani wa mji huohuo, 34 kwa 0, na Villanova 65 kwa 0. Baada ya hapo timu haikucheza tena nyumbani. Kuanzia tarehe 5 Oktoba, ilipotoka sare ya bila kufungana na Washington and Jefferson huku Thorpe akikosa mateke ambayo kwa kawaida asingeyakosa, mechi zote 10 zilizobaki zilikuwa za ugenini, na sababu yake haikuwa ya kimichezo. Kiwanja cha shule kilikuwa kidogo na mji wenyewe haukuwa na watu wa kukijaza, ilhali katika miji mikubwa maelfu walikuwa tayari kulipa kiingilio kuwatazama Wahindi, baadhi kwa kupenda mchezo na wengine kwa ushamba wa kutaka kuona kama wanatisha kweli. Kwa hiyo vijana waliishi ndani ya treni. Walikwenda Syracuse wakalipiza kisasi cha mwaka uliotangulia kwa 33 kwa 0, wakaenda Pittsburgh wakashinda 45 kwa 8, na Jumamosi ya tarehe 26 Oktoba walikuwa Washington, ambako waliifunga Georgetown 34 kwa 20. Jumatatu, tarehe 28, walikuwa tayari katika nchi nyingine, mjini Toronto, Kanada.

Mechi hiyo ya Toronto inastahili kutazamwa kidogo kwa sababu ya namba yake ya ajabu, 49 kwa 1. Katika futiboli ya Marekani hapakuwa na njia ya kawaida ya kumaliza mechi na pointi moja peke yake, lakini Wakanada walikuwa na sheria zao, ambazo ndani yake timu hupata pointi moja ikiwa mpira iliopiga umeingia eneo la mwisho la wapinzani na wao wakashindwa kuutoa. Na kwa kuwa mechi iligawanywa, kipindi kimoja kwa sheria za Marekani na kingine kwa za Kanada, wenyeji waliambulia hiyo moja. Vijana wa Carlisle, ambao wengi wao hawakuwahi kuucheza mchezo wa Kikanada, waliwachapa Wakanada kwa sheria zote mbili, siku mbili baada ya mechi nyingine ngumu na safari ya usiku na mchana. Jumamosi iliyofuata walikuwa tena Pennsylvania, wakiifunga Lehigh 34 kwa 14.

Tarehe 9 Novemba walifika West Point, jimboni New York, kucheza na chuo cha maofisa wa jeshi. Hapa historia ilikuwa imekaa mahali pa wazi mno isiweze kupuuzwa na mtu yeyote uwanjani. Ilikuwa haijatimia miaka 22 tangu jeshi hilohilo lilipowaua mamia ya watu wa taifa la Lakota, wakiwemo wanawake na watoto, pale Wounded Knee mnamo Desemba 1890, na wachezaji wa Carlisle walikuwa wa kizazi ambacho wazazi wake walipigana na jeshi hilo au walihamishwa nalo. Inasimuliwa kwamba Warner hakuhitaji hotuba ndefu chumbani siku hiyo. Aliwakumbusha tu walikuwa wanacheza na watoto wa nani.

Jeshi lilifunga la kwanza, kisha likapotea. Carlisle walishinda 27 kwa 6, wakiuficha mpira katika mizunguko ya mpangilio wa bawa hata walinzi wa Jeshi wakawa wanamkamata asiyekuwa nao. Nahodha wa Jeshi, Leland Devore, mtu wa umbo kubwa aliyekuwa akihangaishwa na Joe Guyon, kijana wa taifa la Ojibwe aliyekuwa mwepesi kuliko yeye, alishindwa kujizuia akamvamia, na mwamuzi akamtoa nje. Sharti la Pratt la kutopiga ngumi likawa limevunjwa na upande ambao haukuwa umewekewa. Kijana mwingine wa Jeshi, Dwight Eisenhower, aliyekuja kuwa jenerali na kisha Rais wa Marekani, aliumia akijaribu na mwenzake kumzuia Thorpe, na hadi uzeeni alikuwa akimtaja Thorpe kuwa hodari kuliko mchezaji yeyote aliyepata kumwona. Kumbukumbu hiyo ya Rais imesaidia kuifanya mechi nzima ionekane kuwa ya Thorpe, ilhali tachidauni tatu kati ya nne za siku hiyo zilifungwa na Alex Arcasa, na aliyeita mbinu zote, akiamua kila shambulizi liende wapi, alikuwa Gus Welch, Mwojibwe mwingine. Jina la Arcasa halisikiki sana leo, na huo ni upungufu wa wasimuliaji.

Wiki moja baadaye, mjini Philadelphia, wakafungwa. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilipata 34 na Carlisle 26, na hakuna sababu ya kutafuta fumbo katika matokeo hayo: ilikuwa mechi ya 12 katika wiki tisa, kwa kikosi kilichokuwa kikilala kwenye mabehewa. Tarehe 23 Novemba walicheza Springfield, jimboni Massachusetts, na shule ya makocha ya chama cha vijana Wakristo, shule ileile ambamo mpira wa kikapu ulibuniwa mwaka 1891, wakashinda kwa shida 30 kwa 24. Pointi zote 30 zilikuwa za Thorpe: tachidauni nne, teke moja la pointi tatu, na mateke matatu ya pointi ya nyongeza yanayopigwa baada ya tachidauni. Siku ya Shukrani, sikukuu ya Wamarekani ambayo wakati huo ilikuwa Alhamisi ya mwisho wa Novemba, walimaliza msimu mjini Providence kwa kuifunga Brown 32 kwa 0. Thorpe hakuichezea Carlisle tena.

Januari 1913 gazeti moja la mji wa Worcester, jimboni Massachusetts, liliandika kwamba bingwa huyo wa Olimpiki aliwahi kulipwa kucheza besiboli jimboni North Carolina mwaka 1909 na 1910, wakati ambao alikuwa ameiacha shule. Malipo yalikuwa ya kujikimu tu, na vijana wengi wa vyuo walifanya hivyohivyo wakati wa kiangazi, ila wao walikuwa na busara ya kutumia majina ya bandia. Kanuni za wakati huo zilimtaka mwanariadha wa Olimpiki awe wa ridhaa, yaani asiyewahi kulipwa kwa mchezo wowote, na Thorpe akanyang'anywa medali na rekodi zake kuondolewa. Barua yake ya kukiri, iliyojieleza kama ya mwanafunzi Mhindi asiyejua mambo ya dunia, ilipelekwa kwa viongozi wa riadha, na wanahistoria wengi wanaamini iliandaliwa na Warner. Warner alidai hakujua lolote kuhusu besiboli hiyo. Welch na wenzake hawakumwamini.

Ni hapa ambapo swali la mapato ya mlangoni linapata jibu lake. Fedha za viingilio ziliingia katika mfuko wa riadha uliosimamiwa na kocha pamoja na mkuu wa shule, Moses Friedman, nje ya hesabu za kawaida za serikali. Sehemu yake ilijenga mambo yanayoonekana, kama jengo la sanaa na makao ya wanariadha, na sehemu ilijenga nyumba ya kocha. Shule ilikuwa na darasa zuri la biashara, lililofundisha utunzaji wa vitabu vya hesabu, na mwalimu wake kati ya 1911 na 1914 alikuwa Marianne Moore, ambaye baadaye akawa mmoja wa washairi wakubwa wa Marekani. Thorpe mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake. Vijana hao walifundishwa kusoma kila kitabu cha hesabu isipokuwa kile cha fedha walizozitafuta wenyewe.

Welch aliandika malalamiko, yakatiwa saini na wanafunzi zaidi ya 200, na mapema mwaka 1914 kamati ya Bunge la Marekani ilifika kusikiliza mashahidi. Wanafunzi walieleza juu ya chakula duni, viboko, na lugha ya matusi ya kocha, na wachezaji wakaeleza jinsi walivyopewa fedha na nguo kutoka mfuko ule. Hili la mwisho ndilo lenye uzito katika hukumu ya kisa cha Thorpe, kwani shule iliyomwacha aadhibiwe kwa vijisenti vya besiboli ilikuwa yenyewe ikiwalipa wachezaji wake. Friedman aliondolewa. Warner alimaliza msimu wa 1914, ambao timu ilipoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda, kisha akaajiriwa na Chuo Kikuu cha Pittsburgh na kuendelea kupata sifa kwa miaka mingi.

Carlisle haikupata tena kikosi cha aina ile. Mwaka 1918 jeshi liliirudisha kambi mikononi mwake kwa ajili ya hospitali ya majeruhi wa vita, shule ikafungwa, na timu ikaacha kumbukumbu ya mechi 167 ilizoshinda, 88 ilizopoteza na sare 13. Watu wengi wa mataifa ya wenyeji wa asili hawakuwa hata raia wa Marekani hadi sheria ya mwaka 1924. Thorpe alifariki mwaka 1953 bila medali zake. Mwaka 1982 alirudishiwa nafasi, lakini akiwa bingwa wa pamoja na wale aliowashinda, kwa hoja kwamba malalamiko dhidi yake yalipaswa kuwasilishwa ndani ya siku 30 baada ya michezo, na jina lake likaandikwa peke yake kama bingwa Julai 2022. Kambi ya Carlisle sasa ni chuo cha juu cha vita cha jeshi la Marekani, na tangu mwaka 2017 jeshi hilo limekuwa likifukua makaburi ya watoto, moja baada ya jingine, na kuyakabidhi mabaki kwa jamaa zao wakazike nyumbani.